Mtu wa Tatu

Karibu kila neno utakalolihitaji siku ukitaka kununua gari lilikuja kwa jahazi. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Dalali, yule anayekukutanisha na muuzaji kisha akala chake katikati, ni neno la Kiarabu. Ushuru nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Mtu aliyewahi kugomboa gari bandarini Dar es Salaam akiambiwa hivyo atacheka kwanza, kisha atanyamaza. Bima tumeipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na wao waliipata kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno haya tangu mwaka 2019, nilipotafuta gari langu la kwanza nikiwa na miaka 27. Kila niliyemwomba ushauri alinieleza habari za gari: injini ipi haisumbui, rangi ipi inauzika haraka, fundi yupi hana tamaa. Bima ilitajwa mwishoni kabisa, kwa sentensi moja: "Kata ile ndogo tu, ya kuwaonyesha trafiki."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na ina historia ambayo wanaoisema hawaijui. Stika ile ya kiooni haikubuniwa kwa ajili ya trafiki. Haikubuniwa hata kwa ajili ya mwenye gari. Na waliosababisha iwe ya lazima ni watu kama mimi na wewe, wanunuzi wa magari ya bei nafuu.

*

Nianze na gari, kwa kuwa ndiko kila mtu anakoanzia.

Nafanya kazi katika maabara ya hospitali, kwa zamu. Wakati ule nilikuwa nikiishi Goba. Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016, ulinifikisha Kimara. Kutoka pale hadi nyumbani saa sita usiku kulibaki bodaboda na dua. Kwa miaka minne niliweka akiba, na ilipofika shilingi milioni 9 na nusu nikasema inatosha. Kwa fedha hizo kijana wa Dar es Salaam ana chaguo ambalo si chaguo sana: Vitz, Passo, Starlet iliyochoka, au IST. Yote ni magari ya Toyota, na karibu yote yaliendeshwa kwanza na Mjapani asiyejulikana. Mengine yanapowashwa bado yanatoa sauti ya mwanamke wa Kijapani akikumbusha jambo ambalo hakuna ndani ya gari anayelielewa.

Wazazi wetu walipokuwa na umri wangu hawakuwa na swali la kuchagua. Katika Tanganyika ya mkoloni, motokaa ilikuwa ya Mzungu, ya tajiri wa Kihindi au ya serikali. Baada ya uhuru wa 1961, Waafrika walioshika nafasi za wakoloni maofisini waliitwa naizesheni, na wakubwa zaidi miongoni mwao, huku na Kenya, wakapewa jina la Wabenzi. Barabarani yalipita Peugeot, Volkswagen na Land Rover. Tangazo kubwa la magari lilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba gari la Kijapani ni la kuchezea watoto.

Lakini kulipenda gari ni jambo moja, na kulipata ni jingine. Miaka ya 1970 ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, kisha Vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na fedha za kigeni zikawa haba kuliko sukari. Gari jipya lilipatikana kwa kibali, kupitia shirika la umma lililoitwa State Motor Corporation. Ili kuokoa mafuta, serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mama yangu, aliyekuwa msichana Morogoro, anakumbuka barabara za Jumapili jioni jinsi zilivyokuwa za watoto na mpira wa makaratasi.

Mlango ulifunguka kidogo katika bajeti ya mwaka 1984, ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Mtu aliyekuwa na fedha za kigeni nje ya nchi aliruhusiwa kuziagizia bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa rais, mlango ukafunguka zaidi, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Pikapu zilizotumika zikaanza kuteremka bandarini, baadaye magari madogo. Ndipo ilipogundulika kwamba kuna nchi moja duniani yenye magari mengi mazuri ambayo wenyewe hawayataki tena.

*

Japani haikuwahi kutawaliwa na Mwingereza, lakini inaendesha kushoto kama sisi. Hata kisiwa cha Okinawa, kilichokuwa chini ya Wamarekani na kuendesha kulia, kilihamishwa kwenda kushoto kwa siku moja, tarehe 30 Julai 1978. Kwa hiyo usukani wa gari la Kijapani uko upande tunaoutaka.

Sababu ya pili ni ukaguzi. Kule, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, hugharimu fedha nyingi. Gari likizeeka, mwenyewe hupiga hesabu: alipie ukaguzi mwingine, au anunue jipya? Wengi hununua jipya. Lile la zamani, ambalo kwetu lina miaka 15 zaidi ya kuishi, hupelekwa mnadani.

Mnadani hupewa karatasi, na kijana yeyote anayeagiza gari mwenyewe anapaswa kujifunza kuisoma kama anavyosoma cheti cha hospitali. Juu kuna alama ya jumla: 4 na nusu ni zuri sana, 4 ni zuri, 3 na nusu lina makovu yake, na herufi R ina maana gari lilipata ajali likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama samaki wa kukaanga, umejaa herufi: A ni mchubuko, U ni bonde, W ni mahali palipokwisha nyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo amekwisha kukujibu.

Kisha huja ushuru. Kila nchi ya Afrika Mashariki ina namna yake ya kulizuia gari kuukuu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imeyazuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuzuia, inatoza. Nilipopiga hesabu mwaka ule, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ulifuata ukubwa wa injini, bure hadi sisi 1000, asilimia 5 hadi sisi 2000, asilimia 10 kuzidi hapo. Gari la miaka mingi likaongezewa tozo ya uzee. Na juu ya yote VAT ya asilimia 18. Mamlaka ya Mapato haiangalii ulinunua kwa bei gani, ina orodha yake ya thamani, kwa hiyo ukibahatisha gari rahisi mnadani, bahati hiyo haifiki bandarini. Ndiyo maana Vitz yenye injini ya sisi 996, ile tunayoiita ya pistoni tatu, ilijaa mjini: mhandisi aliyeichora Japani hakuwaza habari za Tanzania, lakini aliikata sisi nne chini ya mstari wa kodi yetu.

Hesabu yangu ilinipeleka kwenye gari lililokwisha kuingia nchini. Hapo lugha inabadilika. Dalali hatakuambia gari ni la mwaka gani, atakuambia ni namba gani. Namba zetu huenda kwa herufi, kutoka A, na kila mtu anajua tuko wapi. Kwa hiyo "namba B" ni mzee, "namba C" ni mtu mzima, na mwaka 2019 "namba D" alikuwa bado kijana. Ni udanganyifu wa adabu, kwa kuwa herufi inaonyesha siku gari liliposajiliwa Tanzania, si siku lilipozaliwa. IST ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002. Namba D niliyoinunua ilikuwa imezunguka Japani zaidi ya miaka 10 kabla ya kuiona Goba.

Niliilipia shilingi milioni 8 na nusu. Nilichagua IST kwa sababu ambayo haina mahaba: Kariakoo na Gerezani spea zake zinauzwa kama nyanya, fundi yeyote anaijua, na siku nikishindwa maisha itauzika kabla ya Ijumaa. Fundi aliilaza chini akaangalia kama imewahi kunyooshwa chesisi. Nililinganisha namba ya chesisi na kadi, nikahakiki kadi haishikiliwi na mkopo wa mtu, nikaangalia kama gari halidaiwi faini za barabarani. Mkataba wa mauziano tuliuandika mbele ya mwanasheria. Dalali alipokea chake. Kazi ikawa imekwisha, au ndivyo kila mtu alivyoniambia.

*

Sasa turudi nyuma, tena mbali.

Tarehe 17 Agosti 1896, jijini London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll alikuwa akivuka njia katika viwanja vya Crystal Palace pamoja na binti yake. Kulikuwa na magari ya maonyesho yakiwabeba watu. Moja likamgonga akafa. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza anayejulikana kuuawa na gari la petroli. Uchunguzi ulifanyika, ikaamuliwa kuwa ni bahati mbaya, na hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyegongwa alikuwa na njia moja: kwenda mahakamani kumdai aliyemgonga. Njia hiyo ilikuwa na mantiki fulani wakati magari yalikuwa ya matajiri. Tajiri akishindwa kesi, ana nyumba, ana hisa, atalipa. Kilichoharibu mantiki hiyo ni gari la bei nafuu. Mwaka 1922 kampuni ya Austin ilitoa gari dogo liitwalo Seven, la familia ya kipato cha kawaida. Marekani ilikuwa imetangulia kwa Ford Model T. Karani akapata gari, mwalimu akapata gari, fundi seremala akapata gari. Lilikuwa jambo zuri. Lakini karani akimvunja mtu uti wa mgongo, mahakama itamkuta na nini? Ataonekana ana hatia, ataamriwa kulipa, na hukumu itabaki karatasi. Umaskini wa dereva ukawa msiba wa aliyegongwa.

Massachusetts, jimbo la Marekani, lilifanya bima iwe ya lazima mwaka 1927. Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Usalama wa Barabarani ya mwaka 1930, katika mwaka ambao zaidi ya watu 7,000 walikufa barabarani kwao. Sheria haikumlazimisha mtu kulikatia bima gari lake. Ukitaka likiungua liungue, ni lako. Ilimlazimisha kumkatia bima mtu mwingine. Katika mkataba wa bima, wa kwanza ni wewe uliyelipa, wa pili ni kampuni iliyopokea. Wa tatu ni yule atakayeumia. Hayupo wakati mkataba unaandikwa, hasaini, halipi senti, na jina lake halijulikani na yeyote. Sheria ilisema gari lisitoke barabarani mpaka mtu huyo awe amewekewa akiba.

Japani ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1955, kwa hiyo hata IST yangu, kabla ya kupanda meli, ilikuwa imekwisha kumbeba mtu wa tatu wa Kijapani. Tanganyika ilipata yake chini ya utawala wa Waingereza, na leo ni Sura ya 169 ya sheria za Tanzania. Mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima ilitaifishwa na kuwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Kwa karibu miaka 30 kila stika nchini ilitoka nyumba moja. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliruhusu kampuni binafsi, na sheria nyingine ya mwaka 2009 ilianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Kati ya tarehe hizo mbili za mwisho, 1996 na 2009, ndipo historia hii inapoingia nyumbani kwetu.

*

Baba yangu mdogo alikuwa akiuza mkaa Morogoro kwa baiskeli. Alfajiri moja ya mwaka 1998, kwenye barabara ya kwenda Dodoma, pikapu ilimgonga kutoka nyuma. Gunia mbili za mkaa zilimkinga mgongo. Mguu haukuwa na cha kuukinga.

Dereva alikuwa kijana wa miaka 24, na pikapu ilikuwa gari lake la kwanza. Hakukimbia. Alimpakia baba mdogo, akapita polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo bila hiyo majeruhi hapokelewi kirahisi, akakaa naye hospitali hadi baba yangu alipofika. Pikapu ilikuwa na stika ya bima, safi, yenye miezi saba mbele. Kwa hiyo katika siku zile za kwanza, nyumbani kulikuwa na huzuni lakini hakukuwa na hofu.

Hofu ilikuja wiki ya tatu. Kampuni iliyotajwa kwenye stika iliangalia vitabu vyake ikasema namba ile haiijui. Wakala aliyemuuzia kijana stika hiyo hakuonekana tena mahali alipokuwa akikaa. Kijana alikuwa amelipa fedha kamili, kwa nia njema, akapewa karatasi iliyochapwa vizuri. Alichokosa ni kampuni nyuma ya karatasi.

Familia ilikaa naye kikao. Nilikuwa na miaka sita. Haya nimeyapata kwa baba na kwa baba mdogo mwenyewe. Alikuja na mama yake. Pikapu ilikuwa bado imezuiwa polisi na deni lake kwa aliyemuuzia halijaisha. Wazee walimtazama wakaona kwamba kumshtaki ni kupoteza nauli. Waliandikiana alipe shilingi 40,000 kwa mwezi. Alilipa miezi minne, kisha akahama mji. Chuma cha mguuni kililipiwa na kiwanja cha Kihonda, ambacho babu alikinunua kwa ajili ya wajukuu. Baba mdogo hajawahi kumsema vibaya kijana yule. Husema, "Alikuwa maskini mwenye gari. Ni maskini wa hatari, lakini ni maskini."

Sijasoma popote maelezo bora kuliko hayo ya kwa nini sheria ya 1930 ilitungwa.

*

Nilipompigia simu baba mdogo kumwambia nimenunua gari, nilitegemea aniulize rangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Fundi ameliona?"

"Ameliona. Na kadi nimehakiki."

"Vizuri." Akakaa kidogo. "Na yule utakayemgonga, umemwandalia nini?"

Mtu mwingine angeona ni mkosi. Sisi katika familia tunajua ni swali la kawaida tu, kama kuuliza kama umeshakula.

Nikaketi na hesabu. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu peke yake, kwa gari la binafsi ilikuwa shilingi 100,000 na VAT yake, jumla 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa ilianzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari: kwa milioni 8 na nusu ni shilingi 297,500, na VAT inafika 351,050. Tofauti ni shilingi 233,050. Majina haya ya mtaani, ndogo na kubwa, yanapotosha. Kubwa inaongeza gari lako: likiibwa, likiungua, ukiligonga mwenyewe ukutani. Lakini bima zote mbili zinambeba yule yule wa nje. Ile inayoitwa ndogo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo serikali haikuachii hiari.

Mwaka ule nilikata kubwa, kwa sababu gari lilikuwa ndilo akiba yangu yote ya miaka minne na singeweza kulinunua mara ya pili. Niliomba mkataba wenyewe, si stika tu, nikausoma kwa usiku mzima wa zamu tulivu. Kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Dereva mwenye leseni isiyozidi miaka miwili hubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara yeye mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mimi nilikuwa na leseni ya miezi mitano. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halilindwi siku likibeba abiria wa kulipa, kwa hiyo mwenye namba ya njano anayepiga kazi ya teksi ya mtandaoni mwisho wa wiki anaendesha bila kinga, na abiria wake hajui. Na ukitaja thamani ndogo ili ulipe kidogo, ukasema gari ni la milioni 5 ilhali ni la milioni 8 na nusu, siku ya hasara ya milioni 1 utahesabiwa kwa uwiano huo huo na kupewa kama laki 5 na 88 elfu. Mkataba haukasiriki. Unakulipa tu kwa kadiri ulivyojithamini.

Jambo la mwisho lilichukua dakika moja. Siku hizi bima husajiliwa katika mfumo wa TIRA, na mtu yeyote anaweza kuandika namba ya gari kwenye simu akaona kama bima ni hai, imekatwa kampuni gani na inaisha lini. Niliandika namba yangu nikiwa bado nimesimama mbele ya wakala. Alicheka, akaniuliza kama simwamini. Nilimwambia ninamwamini, naye akasubiri hadi majibu yalipokuja. Jambo hilo dogo, la kusimama pale na simu mkononi, halikuwezekana mwaka 1998. Kama lingewezekana, kijana yule wa pikapu angejua siku ile ile kwamba amenunua karatasi, na kiwanja cha Kihonda pengine kingekuwa bado cha kwetu.

Tangu hapo nimeshaombwa ushauri na wenzangu wadogo kazini. Kuhusu gari tunamaliza haraka: injini ndogo, spea za Kariakoo, karatasi ya mnada kama ipo, kadi safi, fundi asiyejuana na dalali. Kuhusu bima huwa nawauliza kwanza mshahara wao. Wanadhani nataka kujua wataweza kulipa kubwa au ndogo. Nataka wajibu swali lile la mwaka 1930: ukimvunja mtu kesho, una nini cha kumpa? Wengi wetu tunaoendesha IST na Vitz jibu letu ni hakuna, tuna gari lenyewe tu, nalo siku hiyo litakuwa limezuiwa polisi. Bima ile ndogo ndiyo inayotutenganisha na yule kijana aliyekuja kikaoni na mama yake.

Baba mdogo ana miaka 61 sasa. Baiskeli aliiacha, anauza mkaa nyumbani, lakini bado hupenda kutembea alfajiri kandokando ya barabara ya Dodoma, akivuta ule mguu kidogo. Mabasi yanampita, malori, na magari madogo ya vijana wanaowahi Dar es Salaam. Yana bima zao, nzima na zilizokwisha. Hawezi kuzisoma kutoka pale alipo, na wenye magari wengi hawajazisoma pia. Lakini ni yeye zilizoandikiwa.